Fyuzi ya taa za nyuma inaungua nikiegesha gari, shoti iko wapi?

Dereva Mpole

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijamaliza fyuzi zote nilizonazo.

Gari ni dogo, la milango mitano, gia otomatiki, na taa zake bado ni balbu za kawaida. Inayonisumbua ni fyuzi iliyoandikwa TAIL, ya ampea 10, ile nyekundu. Ikiungua, taa nyekundu za nyuma zinazimika, taa ndogo za mbele pia, taa ya namba, na mwanga wa dashibodi wote. Breki zinawaka kama kawaida, indiketa nazo, na taa kubwa hazina neno.

Mchana sioni shida kwa sababu taa sijaziwasha. Usiku naweza kwenda safari nzima salama, halafu nikifika, nikianza kurudi nyuma nijipange vizuri, dashibodi inakuwa giza. Kuna siku haiungui kabisa. Niliwekewa redio mpya miezi michache iliyopita, kwa hiyo kila ninayemsimulia anainyooshea kidole redio. Jirani yangu yeye anasema ni taa ya rivasi. Nina multimita ya kawaida, bisibisi, na muda wa Jumamosi nzima. Nianzie wapi?

Spana 17

Mkuu, weka ya 20, ile ya njano, usahau. Yangu iko hivyo na natembea.

Mbeba Jeki

Usimsikilize huyo. Gari la milango mitano, nenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Juu kule kwenye bawaba kuna mpira wenye mikunjo, ndani yake zinapita nyaya za taa ya namba, wipa ya nyuma, kufuli na kadhalika. Kila mlango ukifunguliwa nyaya zinapinda, ukifungwa zinapinda tena. Miaka ikienda, ganda linapasuka palepale penye kona, shaba inagusa bati, fyuzi kwaheri. Bandua mpira kwenye tundu lake, usukume pembeni, uchungulie na tochi. Nimekutana nazo nyingi mno.

Mama Testa

Spana 17, hiyo njano yako ing'oe leo. Fyuzi haikuwekwa kuilinda taa, imewekwa kuulinda waya. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, mara nyingi nusu milimita mraba hivi, na aliyelitengeneza gari alishapiga hesabu ni umeme kiasi gani unaweza kupita humo bila ganda kuyeyuka. Betri ikipata njia ya mkato inaweza kutema mamia ya ampea. Ukiweka fyuzi kubwa, au kile kipande cha waya ambacho watu hupenda kukisokota pale, kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, tena ukiwa umefungwa pamoja na wenzake chini ya zulia. Nimewahi kunyanyua zulia nikakuta fungu zima la nyaya limekuwa donge moja. Mwenye gari alikuwa amekuja kulalamikia harufu tu.

Dereva Mpole, maelezo yako ni mazuri kuliko multimita yako. Vilivyozimika pamoja ndivyo vinavyokula kwenye fyuzi moja, kwa hiyo eneo la kutafuta umeshalijua nusu. Breki haizimiki, basi iache. Taa ya rivasi kwenye magari mengi inakula kwenye fyuzi nyingine kabisa. Ingekuwa na shoti, ingeunguza fyuzi yake. Jirani msalimie.

Sasa jiulize jambo moja. Ukiegesha unafanya mengi kwa wakati mmoja: unakanyaga breki, unahamisha gia, unakunja usukani mpaka mwisho, unageuka kwenye kiti, gari linapanda ukingo. Unasema fyuzi inaungua "nikianza kurudi nyuma". Ni lipi kati ya hayo? Hujui, na huwezi kujua kwa kuchoma fyuzi, kwa sababu fyuzi inakufa kabla haijakuambia kitu.

Kwa hiyo weka balbu mahali pa fyuzi. Chukua balbu ya indiketa, volti 12 wati 21, pamoja na soketi yake. Chukua na fyuzi moja uliyokwisha kuiunguza, hakikisha utepe wake wa ndani umekatika kabisa, kisha lehemu nyaya mbili za soketi kwenye miguu yake miwili. Umeshapata kifaa: fyuzi mfu yenye mkia wa balbu. Ichomeke pale pa TAIL, washa taa ndogo.

Waya ukigusa bati sasa, umeme wote utalazimika kupita kwenye balbu yako, na balbu ya wati 21 haipitishi hata ampea 2. Waya haupati joto. Shoti inabaki imewaka mbele ya macho yako muda wote utakao, nawe unazunguka gari bila haraka. Balbu yenyewe inachemka, usiilaze kwenye kiti wala kwenye plastiki.

Watu wengi hujaribu njia hii wakaiona haifai kwa sababu wameruka hatua moja: toa kwanza balbu zote za mzunguko huo. Mbili za nyuma, mbili ndogo za mbele, za namba. Usipozitoa, umeme utapita kwenye balbu yako kisha uingie kwenye bodi ya gari kupitia balbu hizo, na taa yako itawaka vizuri tu wakati hakuna shoti yoyote. Ukiwa unazitoa, zikague. Balbu ya nyuma kwa kawaida ina nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo. Mtu akilazimisha balbu ya uzi mmoja kwenye soketi ya nyuzi mbili, chuma cha kitako chake kinaunganisha visivyotakiwa kuungana. Angalia pia kama soketi imeyeyuka au imeota kutu ya kijani.

Taa za dashibodi huzifikii bila kubomoa, ziache. Maana yake balbu yako inaweza kuwa na wekundu fulani hata gari likiwa zima. Uzoee wekundu huo. Shoti ikija utaijua, itawaka kali kama indiketa.

Ukiwasha ikakaa na wekundu wake tu, shoti haipo kwa sasa. Ndipo unapoanza kuchokoza, kimoja kimoja, mtu mwingine akiitazama balbu. Fungua na kufunga mlango wa nyuma. Sukuma kiti mbele na nyuma. Kunja usukani. Gongagonga dashibodi. Kanyaga breki. Hamisha gia. Kwenye gia injini izimwe, breki ya mkono iwe juu, jiwe au kabari kwenye tairi, swichi iwe ON ili kufuli ya gia ikuachie. Usichokoze viwili kwa pamoja, utarudi palepale.

Ukiwa peke yako, funga king'ora kidogo cha volti 12 sambamba na balbu. Utafanya kazi kule nyuma ukisikiliza.

Kamusi ya Injini

Mama, heshima yako, ila mbona mbali hivyo? Atoe fyuzi, atoe hasi ya betri, aweke multimita kwenye mlio. Waya mmoja wa multimita kwenye upande wa fyuzi unaokwenda kwenye taa, mwingine kwenye bodi. Ikilia kuna shoti. Dakika mbili.

Mama Testa

Kamusi, italia. Tatizo ni kwamba ingelia hata gari likiwa zima.

Balbu ya wati 5 ikiwa inawaka ina ukinzani wa kama omu 29. Ikiwa baridi unashuka mpaka karibu sehemu ya kumi ya hapo, omu 3 hivi. Anazo sita zilizofungwa sambamba, hesabu inakupeleka kwenye nusu omu. Multimita nyingi zinalia kitu kikiwa chini ya omu 30 au 50. Haiwezi kutofautisha nyuzi za balbu baridi na waya uliogusa bati. Ndiyo maana mtu anasikia mlio, anakata fungu la nyaya zima, na fyuzi inaendelea kuungua.

Balbu zote zikitolewa, njia yako ni halali na siikatai. Lakini shoti ya huyu inakuja na kwenda. Multimita itasema "hakuna" na itakuwa imesema kweli kwa dakika ile. Balbu inakaa macho muda wote.

Mbeba Jeki umesema vizuri kuhusu ule mpira, ndipo penye kesi nyingi. Sitaki tu aanze kwa kubashiri. Aiache taa imwambie aende nyuma au abaki mbele, kwa sababu ukishaamini ni mlango wa nyuma utaufumua mpaka taa ya dari.

Mbeba Jeki

Nimekubali. Na redio?

Mama Testa

Inawezekana. Redio nyingi za kununua kando zina waya wa rangi ya chungwa, ni wa kupunguza mwanga usiku, na unaungwa kwenye mzunguko huuhuu wa taa ndogo. Baadhi ya mafundi hawauungi. Ule wa upande wa gari, wenye umeme kila taa zikiwaka, wanauacha kichwa wazi nyuma ya redio. Ukigusa fremu ya chuma, fyuzi ya TAIL inaondoka. Kwa hiyo mshukiwa yupo. Ila hajahukumiwa.

Dereva Mpole

Shikamoo Mama Testa. Nimeanza na multimita kama Kamusi alivyosema, nayo ikalia, nikafurahi. Nikatoa balbu zote, ikanyamaza. Nikaelewa.

Nikatengeneza ile fyuzi yenye mkia. Mdogo wangu akakaa mbele kuitazama. Baada ya kuwasha, wekundu mdogo tu. Mlango wa nyuma tumeufungua na kuufunga mpaka majirani wakatoka, hakuna kitu. Kiti hakuna. Usukani hakuna. Breki hakuna. Redio nimeivuta nje ya tundu lake na kuitikisa, hakuna. Waya wa chungwa kwangu umeungwa na una tepu.

Halafu gia. Nikiitoa P kwenda R, balbu inawaka kali kabisa! Nikipitisha N inafifia, kwenye D inarudi wekundu wake. Nimerudia na ni hivyohivyo, ingawa mara nyingine inapepesa tu. Sasa naomba kuelimishwa: gia inahusikaje na taa za nyuma?

Kamusi ya Injini

Basi jirani alikaribia! Swichi ya rivasi iko kwenye gia.

Mama Testa

Marahaba mwanangu, umefanya kazi safi. Mdogo wako naye mpe pongezi.

Kamusi, swichi ya rivasi kwa kawaida iko kwenye gia boksi lenyewe, huko chini. Huyu anahamisha mkono wa gia ndani ya gari. Dereva, usiku ukiangalia pembeni ya mkono huo unaona herufi P R N D zinawaka, sivyo? Zina kitaa chao kidogo, na kinakula kwenye TAIL pamoja na mwanga wa dashibodi. Waya wake unapita chini ya plastiki ya katikati, karibu na vyuma vinavyotembea kila unapohamisha gia. Nadhani waya umeingia kwenye njia ya chuma.

Ila thibitisha kwanza. Na hapa nakuomba usome polepole.

Chini ya plastiki hiyo ya katikati, kwenye magari mengi, ndipo kinapokaa kisanduku cha mifuko ya hewa ya usalama. Utakiona kimefungwa kwa boliti sakafuni, na plagi yake mara nyingi ni ya njano. Huyo hamgusani. Kabla ya kufungua chochote zima swichi, toa hasi ya betri, subiri dakika kadhaa (kitabu cha gari lako kitakuambia ngapi), ndipo ufungue. Usichomoe plagi ya njano, usipime kitu humo kwa multimita wala kwa balbu, usikigonge kisanduku, usiwashe swichi kama kuna chake kilichochomoka.

Plastiki ikishatoka, tafuta plagi ndogo ya kitaa cha herufi, ichomoe. Rudisha betri, washa taa, balbu ikiwa bado pale pa fyuzi, hamisha gia tena. Ikiacha kuwaka kali, shoti iko upande wa kitaa, baada ya plagi. Ikiendelea kuwaka kali, iko kwenye waya kabla ya plagi. Vyovyote itakavyokuwa, umebakiwa na kipande kifupi cha waya unachoweza kukiona kwa macho. Kutafuta shoti ni kukata njia vipande mpaka kibaki kidogo hivyo.

Chukua na kioo kidogo. Waya ulioliwa hupenda kuliwa upande usiouona. Tafuta alama nyeusi kwenye chuma, shaba ikigusa bati inaacha doa la moshi. Doa linapatikana haraka kuliko tundu la ganda.

Dereva Mpole

Nimeipata!

Plagi ilipochomolewa, balbu iliendelea kuwaka kali kwenye R, kwa hiyo ni kabla ya plagi. Nikazima, nikatoa betri tena, nikafuata waya. Kuna kibano cha plastiki kilichotakiwa kuushikilia ukutani, kimevunjika. Waya umelegea ukaangukia kwenye pembe ya chuma cha gia. Ganda limekwanguliwa kama sentimita mbili, shaba inaonekana, nyuzi chache zimekatika. Na doa jeusi lipo kama ulivyosema. Ukiwa kwenye P hakigusi, kikienda R kinaupitia juu.

Nikaona na waya mpya wa redio umepitishwa humohumo, umefungwa kwa tepu kwenye fungu hilo. Nadhani aliyeweka redio alivuta fungu, kibano kikavunjika.

Swali la mwisho: nikizungushia tepu ya umeme vizuri, inatosha?

Spana 17

Tepu safu tatu inatosha mkuu. (Ya 20 nimetoa jamani, msinifukuze.)

Mama Testa

Spana, ahsante kwa ya 20. Kwa tepu bado hujapona.

Tepu ikikaa sehemu yenye joto gundi yake inageuka utelezi, inafunguka, shaba inabaki wazi tena. Na huyu nyuzi zimeanza kukatika, kwa hiyo waya pale umepungua unene. Dereva, fanya hivi: betri iwe nje. Kata kipande kilicholiwa, rudi nyuma mpaka upate shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi endelea kukata. Weka kipande kipya cha waya wa gari, wenye nyuzi nyingi laini, unene uleule au zaidi kidogo. Usiweke waya mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja, gari linatikisika na ule utakatika. Kabla ya kuunga, ingiza mrija unaosinyaa kwa moto kwenye waya. Wengi wanaukumbuka wakiwa wameshaunga.

Kuunga kwa kulehemu au kwa kubana kwa koleo la kubania, vyote nakubali. Ukilehemu, ujue pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na hapo ndipo hupenda kukatika, kwa hiyo kiungo kisikae sehemu inayopinda. Kwako haipindi, waya unatakiwa utulie. Sinyaza mrija mpaka ushike ganda la pande zote mbili.

Halafu kibano, maana ukirudisha plastiki bila kibano umeahirisha tu. Kama hukipati cha namna ile, tumia kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ushike fungu mahali pasipotembea, mbali na ile pembe. Ukiweza vika fungu mrija wenye mikunjo sehemu hiyo. Pembe ya chuma ipitishie tupa kidogo, ukiwa umefunika chini kwa kitambaa ili unga wa chuma usimwagikie kisanduku. Waya wa redio uutoe humo, uupitishe pembeni.

Ukimaliza usikimbilie fyuzi. Rudisha balbu ya kupimia kwanza, rudisha betri, tembeza gia P mpaka mwisho na kurudi, mara nyingi, haraka na polepole. Wekundu usipobadilika, zima, weka fyuzi yako ya 10, rudisha balbu zote, ndipo ufunge plastiki. Na redio tuiombe radhi, kosa labda ni la mikono iliyoiweka.

Dereva Mpole

Nimemaliza sasa hivi. Balbu haikutingishika kwenye gia yoyote. Fyuzi ya 10 ipo, herufi zinawaka, taa za nyuma zinawaka. Ahsanteni wote, Mama Testa Mungu akuzidishie.

Mbeba Jeki

Ukipata nafasi ule mpira wa mlango wa nyuma uchungulie tu, gari lina umri.

Kiti cha Nyuma

Samahani kuingilia. Mimi yangu betri inaisha usiku kucha, asubuhi haliwaki, fyuzi zote nzima. Hii nayo ni shoti? Nitumie balbu hiyohiyo?

Mama Testa

Hapana, fyuzi zikiwa nzima kuna kitu kinakunywa polepole, hiyo ni kesi nyingine na vipimo vingine. Gari likishafungwa na kompyuta zake zikalala, linatakiwa kula milliampea 50 au chini ya hapo, na kulala kwenyewe kunaweza kuchukua nusu saa, kwa hiyo usipime ukiwa umetoka tu kufunga mlango. Fungua uzi wako, weka picha ya boksi la fyuzi, na useme kama kuna king'ora cha wizi au kifaa kingine kilichoongezwa.